UZI: Kompyuta ilisema ilimba ya mjomba "imekosea noti". Nikaamua kuipima mwenyewe

mpwa_wa_ilimba (#1)

Wakuu habari zenu.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana. Nimeuleta huku kwenye teknolojia kwa sababu kule jukwaa la wanamuziki niliambiwa "hayo peleka kwa watu wa kompyuta". Haya, nimekuja.

Mwaka juzi mwezi wa saba nilikuwa nyumbani Chamwino, Dodoma. Mavuno yameisha, watu wana nafasi. Mjomba wangu anapiga ilimba. Kwa asiyeijua: ni kisanduku cha mti chenye vyuma vilivyopangwa juu, unavibonyeza kwa vidole gumba na kuviachia. Wengine huita marimba ya mkono. Ya kwetu Ugogoni ina kitundu kilichozibwa kwa ule utando mweupe ambao buibui hufungia mayai yake. Chuma kikilia, utando nao unavuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Waliomsikiliza marehemu Hukwe Zawose wanaujua mlio ninaousema.

Nikamrekodi. Niliporudi mjini nikaenda studio moja (siitaji, kijana mwenyewe hakuwa na nia mbaya) nikitaka rekodi ya mjomba isafishwe kelele za kuku. Kijana akasikiliza nusu dakika, akasema, "Kaka, hii marimba haijatyuniwa, noti zimekosea. Ngoja niinyooshe." Akaipitisha kwenye programu yake, vile vimstari vya rangi vikavutwa kimoja kimoja hadi vikakaa kwenye mistari. Nikalipa. Nikairusha kwenye grupu la familia.

Mjomba akajibu kwa sauti, sekunde nne tu: "Mjomba, huyu aliyepiga ni nani?"

Hapo ndipo uzi huu unapoanzia. Mimi kazi yangu ni kuandika mifumo ya mauzo ya maduka ya dawa, muziki sikuusomea. Lakini namba nazijua, na nilijua kwamba programu haiwezi kusema "imekosea" mpaka kwanza kuna mtu aliyeiambia sahihi ni ipi. Nikafungua maelezo yake. Sahihi yake ni noti 12 za piano. Zote zilizo katikati, kwake ni makosa ya kurekebishwa.

Kidogo kuhusu vipimo, ili tuende pamoja. Sauti ni mtikisiko. Chuma kikitikisika mara 221 kwa sekunde, tunasema hezi 221. Ukitaka kulinganisha sauti mbili unatumia senti, kipimo alichokieneza Mwingereza Alexander Ellis mwaka 1885 alipokuwa akilinganisha skeli za mataifa mbalimbali. Kutoka sauti moja hadi ile ile ya juu yake (hezi zikiwa mara mbili) ni senti 1200, na kwenye piano kutoka kitufe hadi kitufe jirani ni senti 100. Senti hizi hazinunui hata bigijii, lakini ndizo zilizonifungua macho.

Nilirudi Chamwino mwezi wa kumi na maiki ya kubana, laptop, na programu niliyoiunga kwa Python (lugha ya kuandikia programu). Ndani yake nilitumia njia iitwayo YIN. Wazo lake ni jepesi: inachukua kipande kidogo cha sauti, inakitelezesha juu ya nakala yake mpaka mawimbi yaangukiane. Umbali uliotelezesha ndio muda wa mtikisiko mmoja. Shida ni kwamba wimbi linalojirudia baada ya hatua moja linajirudia pia baada ya hatua mbili, kwa hiyo programu inaweza kukwambia hezi 110 wakati ukweli ni 221. Ukiongeza na mvumo wa buibui, siku ya kwanza namba zilikuwa zinaruka kama panzi.

Nikamwomba mjomba autoe ule utando nipime vizuri. Alinitazama kama mtu niliyemwambia ang'oe meno ndipo aimbe.

Basi nikafanya kazi ya mkono. Kila chuma kikapigwa mara kumi peke yake. Nikakata ule mwanzo wa mlio, kidole kinapoachia, kwa sababu pale kuna kelele nyingi. Nikaweka mipaka programu isitafute chini ya hezi 150. Kisha katika vipimo vyote vya chuma kimoja nikachukua ile namba ya katikati, siyo wastani, maana wastani unaharibiwa na kipimo kimoja cha kichaa. Naweka sita tu, hezi na senti kutoka chuma cha kwanza:

221 – 0
277 – 391
331 – 699
388 – 974
443 – 1204
496 – 1400

Sasa chukua 221 ugawe kwa 4. Unapata 55.25. Zidisha kwa 5, kwa 6, kwa 7, kwa 8, kwa 9. Unapata 276, 331 na nusu, 387 kasoro kidogo, 442, 497. Rudi uangalie orodha ya juu.

Nilikaa pale chini ya mbuyu nimeshika kikokotoo cha simu, nikaita, "Mjomba!" Akauliza nimeng'atwa na nini.

Ni kwamba ilimba ile imefuata ngazi ya asili ya sauti, ile ile unayoipata ukipiga uzi mmoja wa upinde mdomoni huku ukibadilisha tundu la kinywa. Sauti ya 4, ya 5, ya 6, ya 7, ya 8, ya 9, yaani ule msingi wa 55.25 mara 4, mara 5, na kuendelea. Hiyo ya saba ndiyo mkosi wa studio: ukiihesabu kamili iko kwenye senti 969, ya mjomba iko 974, na kitufe cha piano kilicho karibu kiko 1000. Senti 26 za tofauti. Kijana wa studio alisikia vizuri kabisa kwamba iko chini. Alichokosea ni kudhani iko chini ya mahali ilipotakiwa kuwa.

Baadaye nikaja kusoma kwamba Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria, alishayaandika haya ya Wagogo na sauti ya 4 hadi ya 9 miongo mingi nyuma. Nilidhani nimechimba kisima kipya, kumbe watu wanachota miaka yote. Haijanivunja moyo. Yeye hakumpima mjomba wangu.

Nawasilisha. Wenye uzoefu wa kupima muziki wa makabila kwa kompyuta karibuni, hata wenye kubisha.

kiti_cha_mbele (#2)

Naweka kiti. Ngoja wataalamu waje.

fundi redio (#3)

Mkuu umetisha, ila swali la kijinga: senti 26 mtu wa kawaida anazisikia kweli? Na je, haya yote yanaleta ugali mezani?

mpwa_wa_ilimba (#4)

Senti 26 ni robo ya hatua ya piano. Peke yake huenda usiisikie. Ikilia pamoja na nyingine, sauti mbili zikikaa kwenye uwiano wa 4 kwa 7 zinatulia, zikihama kidogo zinaanza kutetemeka. Mjomba aliisikia kwenye spika ya simu ya elfu sitini.

Ugali hayaleti. Hata Simba na Yanga hazileti na uzi wake una kurasa mia nne.

Fidla la Ng'ambo (#5)

Assalaam alaykum jamani. Mimi ni mpiga fidla, Unguja hapa. Kwetu maradhi ni hayo hayo, dawa yake ndiyo tafauti.

Taarab yetu imekuja na maqamu, yaani skeli za Kiarabu na mwendo wake, kutoka Misri. Nadi Ikhwan Safaa ni kikundi cha tangu 1905, wazee wale waliyanywa maqamu kwa sikio. Chukua maqamu ya bayati. Noti yake ya pili haiko kwenye kitufe cheupe wala cheusi, iko katikati. Kwenye karatasi watakwambia senti 150. Lakini mie nikiwa napanda naiweka juu kidogo, nikiteremka inashuka yenyewe, na mwalimu wangu Mungu amrehemu alikuwa akiiweka chini kuliko mimi. Kipo kiwango hapo cha kushika? Hakipo. Ipo njia ya kupita.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukija kuipima fidla usipime noti moja moja kama vyuma. Chuma kikilia kimelia. Fidla na sauti ya mtu inateleza. Ukitaka kuiona lazima uchore mstari mzima, wakati huku, senti huku, halafu utazame mstari unapenda kutulia wapi. Niliwahi kukutana na kijana aliyekuwa akifuata kazi za mradi wa Barcelona, CompMusic, ulioongozwa na Xavier Serra tangu 2011 hadi 2017. Wao waliingia kwenye muziki wa Wahindi, makam za Waturuki, opera ya Beijing na muziki wa Kiarabu wa Andalusia, wakasema kila muziki upimwe kwa namna watu wake wanavyouelewa, si kwa piano. Mojawapo ya mambo waliyofanya ni kuifundisha kompyuta kuitafuta noti ya nyumbani, ile wimbo unakoishia kupumzika. Bila ya hiyo senti zako unazihesabu kutoka wapi? Utakuwa unapima urefu wa mtu aliyesimama juu ya kiti.

Na jambo jingine. Mtu alikuja na mipango ya kupima santuri za Siti binti Saad, zile alizokwenda kurikodi Bombay kuanzia 1928. Nikamuuliza, "Hiyo mashine uliyochezea santuri, ilizunguka mara ngapi?" Hajui! Santuri zile zinaitwa za 78, lakini mashine za zama zile hazikuwa na nidhamu. Ikizungushwa 80 badala ya 78, wimbo mzima umepanda.

mpwa_wa_ilimba (#6)

Wa alaykum salaam kaka. Nimefanya hesabu, 80 badala ya 78 ni karibu senti 44 juu. Uzuri ni kwamba zinapanda zote sawasawa, kwa hiyo umbali kati ya noti na noti haubadiliki. Anayetaka kujua Siti aliimba kwa kimo gani ndiye ataumia. Anayetaka kujua bayati yake ilikaaje bado ana pa kuanzia.

Hilo la kiti nimelipenda. Nitaliiba.

Nyatiti254 (#7)

Niaje wakubwa. Nasoma kutoka Kisumu. Wacha niongeze ya kwetu.

Mnaongea noti sana na mmesahau mdundo. Nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo, ina nyuzi nane, lakini mpigaji hapigi nyuzi tu. Kwa kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayogonga nayo ubao wa chombo, na mguuni kuna njuga. Halafu anaimba. Mtu mmoja, vyombo vitatu na sauti. Nilijaribu programu za kutafuta mapigo zinazopatikana bure. Pete ya mguu ilizichanganya kabisa. Programu nyingi zimefunzwa na nyimbo za klabu ambapo pigo ni nne nne na ngoma kubwa iko mahali pake. Ukiipa kitu kinachohesabika mbili na tatu kwa wakati mmoja, inachagua upande mmoja na kukuambia hiyo ndiyo tempo. Nusu saa baadaye ukirudia na sekunde tano pungufu, inachagua ule mwingine.

Na msisahau kuwa watu walipima kabla ya laptop. Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyeanzisha maktaba ya muziki wa Afrika kule Afrika Kusini mwaka 1954, alikuwa anatembea na uma za sauti, zile panda za chuma unazigonga zinalia. Zilikuwa 54, kutoka mitikisiko 212 hadi 424, kila moja imezidi mwenzake kwa 4. Anashika uma, anasikiliza chombo, anabadilisha uma, mpaka zilingane. Fikiria kazi hiyo mbele ya kijiji kizima kinachokungoja umalize ili ngoma iendelee.

Alirekodi Wakipsigis mwaka 1950. Rekodi zilikaa huko miaka na mikaka hadi 2014 ndipo maktaba hiyo na watu wa Ketebul Music wa Nairobi wakazirudisha vijijini. Nauliza tu: hizi senti zenu nazo zitarudi baada ya miaka 64?

mpwa_wa_ilimba (#8)

Nimepiga hesabu ya uma za Tracey, samahani siwezi kujizuia. Pengo la mitikisiko 4 kule chini kwenye 212 ni senti 32, kule juu kwenye 424 ni senti 16. Kwa hiyo chini ilibidi akadirie kwa sikio kati ya uma na uma. Kwa vyuma vya panda, hiyo ni kazi ya heshima.

Swali la mwisho nimeliona. Nalirudia chini.

mwaka wa tatu (#9)

Shikamooni wakubwa. Nasoma kompyuta, natafuta mada ya mradi wa kumalizia chuo. Je, naweza kuchukua nyimbo za asili za YouTube nikazipitisha kwenye modeli ya akili mnemba izitambue kabila? Msimamizi amesema ni wazo zuri.

mpwa_wa_ilimba (#10)

Marahaba. Usifanye hivyo.

Nikwambie kwa nini. Nyimbo za Kigogo ulizozipata zote huenda zilipandishwa na mtu mmoja mwenye maiki moja, na za Kisukuma na mwingine mwenye maiki nyingine. Modeli itajifunza maiki. Itakupa usahihi mkubwa, utapewa alama nzuri, halafu siku ukiipa Mgogo aliyerekodiwa Mwanza itasema ni Msukuma. Ukilazimika, basi hakikisha kila kabila lina warekodi wengi, na nyimbo za mrekodi mmoja zisikae pande mbili, ya kufundishia na ya kujaribia.

Anza na kidogo. Chombo kimoja, mpigaji mmoja, swali moja. Rekodi kwa wav, yaani sauti isiyobanwa. Faili iliyopita WhatsApp imebanwa, usiipime. Pakua programu ya Sonic Visualiser ya Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, ni ya bure, itakuchorea sauti uione kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu. Ipo pia Tarsos, iliyotengenezwa Ubelgiji, Ghent, makusudi kwa muziki usiofuata piano: inahesabu kila kimo cha sauti kimetokea mara ngapi, inakuchorea vilima. Vilele vya vilima ndivyo noti za huyo mpigaji. Hapo programu haikuja na noti zake mfukoni.

Mtoto wa Katanga (#11)

Jambo bandugu. Niko Bruxelles, asili Lubumbashi. Kaka ametaja Tarsos, basi mjue ilizaliwa kwa sababu ya nyimbo zetu. Makumbusho ya Tervuren hapa jirani yana rekodi nyingi mno za Afrika ya kati, nyingi za Kongo. Zilipoingizwa kwenye kompyuta, watu wakajiuliza tutazitafutaje. Huwezi kusema "nipe nyimbo za noti ya Do" wakati Do haipo. Moelants, Cornelis na Leman waliandika mwaka 2009 wakieleza namna ya kutafuta kwa kulinganisha vilima hivyo na vilima. Na ndani ya kazi hiyo mna jambo moja ambalo halinitoki: rekodi za karibuni zaidi zina mapengo yaliyo sawasawa zaidi kati ya noti. Yaani skeli zinaelekea kwenye piano pole pole. Redio, kanisa, gitaa, kinanda.

Ila hadithi ninayoipenda ni ya Simha Arom. Huyo alitumwa Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 1963 aunde bendi ya matarumbeta. Akasikia muziki wa pale akaacha matarumbeta. Miaka mingi baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, yeye na wenzake walikuwa wamepima marimba za mbao mpaka wamechoka. Mafundi wawili, kijiji kimoja, vipimo tofauti. Je, skeli ni ipi? Ukimuuliza mpigaji kwa maneno, hana jina la hicho unachouliza. Basi wakachukua kinanda cha Yamaha DX7 II ambacho noti zake zinabadilishwa, wakapanga vibao juu yake ili mpigaji apige kwa fimbo zake kama marimba yake. Wanaweka skeli moja, anapiga, anakubali au anakataa. Wanaweka nyingine. Akikataa, anajitengenezea mwenyewe. Kompyuta ikawa swali, na jibu likabaki kwa mwenye muziki.

Wakagundua pia kwamba wapigaji wale hawakutaka sauti safi. Ukiwapa mlio laini wanasitasita. Ukiurudishia ukali wa mbao zao, mambo yanakwenda. Mjomba na utando wake wa buibui, unaona?

Mama Muheme (#12)

Nimesoma yote, wanangu. Mimi si wa kompyuta, mjukuu ndiye amenifungulia. Lakini muheme nimeupiga tangu sijaolewa, ngoma kati ya magoti, kwa hiyo niruhusuni.

Mmeleta Mwingereza, mmeleta Mwaustria, mmeleta Yamaha. Mleta uzi, mjomba wako umempima vyuma sita. Shangazi yako umempima? Ilimba haikai peke yake. Watu wanaimba, mmoja anaanza, wengine wanaingia juu na chini. Nyimbo nyingine ni za jando, hazitoki nje ya pale. Nyingine ukiimba mvua ikiwa haijanyesha watu watakushangaa. Hilo senti zako zinalionaje?

Na mkishazipima, nani mwenye hizo namba? Nasikia sasa mashine inafundishwa nyimbo halafu inatunga zake. Itatunga muheme? Nani atacheza?

mpwa_wa_ilimba (#13)

Shikamoo mama.

Shangazi sijampima. Nimesoma swali lako nikaona aibu, sina la kujitetea. Vyuma ni rahisi, ndiyo maana nilianza na vyuma. Na ndivyo ilivyo fani nzima, nijuavyo: inapimwa iliyo rahisi kupimika, halafu inageuka ndiyo muziki wenyewe. Mmarekani Alan Lomax miaka ya 1960 alijaribu kinyume chake. Akaunda fomu ya mistari 37, msikilizaji anajaza: waimbaji wanaingiliana vipi, sauti imekazwa au imelegezwa, nani anaongoza. Angalau aliwaona watu wanaoimba pamoja. Kisha akaunganisha majibu na aina za jamii kwa kompyuta za wakati huo, na hapo ndipo wenzake walipomrukia, wakasema nyimbo chache haziwezi kubeba jamii nzima. Namwelewa Lomax na ninawaelewa waliomrukia.

Za jando sirekodi. Si kwamba nimekatazwa na sheria, nimekatazwa na mjomba, inatosha.

Kuhusu mashine kutunga: ipo tayari kwa Waayalandi. Mwaka 2015 Bob Sturm na wenzake waliifundisha modeli kwa nyimbo zaidi ya 23,000 ambazo wapenzi wa muziki huo waliziandika wenyewe kwenye tovuti yao, kwa herufi za kawaida tu. Ikatunga maelfu. Nyingine wapigaji walizipenda, wengine walikasirika. Lakini angalia: nyimbo zile ziliandikwa na wenyewe, kwa maandishi waliyokubaliana, na muziki wao unaandikika hivyo. Za kwetu hazijaandikwa. Atakayetaka kuifundisha mashine itabidi achukue rekodi, na rekodi zina mtu ndani yake.

Sheria zipo, mama. Ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, na Kenya wana yao ya 2016 ya maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Nyatiti254, hapa ndipo najibu swali lako. Namba zangu na wav zake nimezihifadhi sehemu mbili: kwangu, na kwenye kadi ya kumbukumbu iliyoko sandukuni kwa mjomba, na simu yake inaisoma. Sijazipandisha popote. Akisema zipande, zitapanda.

fundi redio (#14)

Mama Muheme heshima kwako. Mleta uzi, jaribu basi hiyo ya Arom na mjomba. Mrejesho tafadhali.

mpwa_wa_ilimba (#15)

MREJESHO. Samahani kwa kukaa kimya wiki sita, nilikuwa nafunga mahesabu ya wateja.

Nilichukua milio ya vyuma vya mjomba mwenyewe, mvumo na yote, nikaipandisha na kuishusha kwa kompyuta nikapata ilimba tatu. Ya kwanza noti za piano. Ya pili ngazi ya asili kamili, 969 bila chenga. Ya tatu vipimo vyake mwenyewe. Nikaziweka kwenye vitufe vya laptop ili azipige, sikumwambia ipi ni ipi. Kupiga laptop kulimkera, akaishia kuniambia nipige mimi, yeye asikilize amefumba macho.

Ya piano aliikataa kabla sijafika chuma cha nne. "Huyo tena."

Kati ya ile kamili na ya kwake, alisikiliza mara tano. Akasema ile kamili ni nzuri ila "imekaa kama mgeni". Akachagua yake. Nikafurahi, nikaandika. Kesho yake nikamwomba avilegeze vyuma vyote aanze kutyuni upya, nikapima. Chuma cha ile sauti ya saba kikatoka senti 966. Siku ya tatu, 978. Kila mara akasema, "Sasa imekaa." Kwa hiyo hakuna namba ya mjomba. Kuna kama uwanja wa senti kumi na mbili hivi, humo ndani yuko nyumbani, na 1000 iko nje ya ua.

Mama Muheme, shangazi nimempima akiimba na mjomba. Fidla la Ng'ambo alisema kweli, ni mstari, si noti. Anaingia chini ya chuma, anapanda, anatulia juu yake, na siku ile chuma kikiwa 978 naye alitulia karibu na 978, kikiwa 966 akashuka nacho. Wimbo mmoja, vipimo viwili, wote wameridhika. Bado naichambua hiyo, sitaki kusema zaidi ya hapo.

Ila kuna jingine lililonikuta huko. Mjukuu wa mjomba, wa miaka kama kumi, amejitengenezea ilimba ndogo kwa vijiti vya mwavuli. Anapiga vizuri kwa umri wake. Nikasema ngoja nipime na yake, kwa kujifurahisha tu. Cha saba kikatoka 998.

Nikamuuliza alityuni kwa kufuata nini. Akatoa simu ya mama yake, akafungua grupu la familia, akanichezea ile ya studio.

Mjomba alikuwa amekaa pembeni anamenya karanga. Hakusema kitu. Akamwambia mtoto alete, akakishika kile chuma kwa ukucha wa kidole gumba, akakivuta nje kidogo, akakipiga, akakivuta tena kidogo kama unene wa uzi, akamrudishia. Akaendelea na karanga zake.

Ile faili ya studio nimeifuta kwenye grupu jioni ile ile. Lakini grupu lina watu 17, na kila simu ilishaipakua.